Kabla Mtoto Hajapanda Daraja

Hotuba kwa waendeshaji chipukizi wa pikipiki za mbio na wazazi wao, mwanzoni mwa msimu

Wazazi, makocha, mafundi, nanyi vijana mliokaa kule nyuma na helmeti magotini: wakubwa shikamooni, na shikamoo za wadogo nimezipokea, marahaba.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mwendeshaji wa pikipiki za mbio, tangu madaraja ya watoto mpaka juu kabisa. Naomba nianze na swali ambalo wazazi huniuliza kila msimu unapofunguliwa, wengine hata salamu hazijaisha: "Mwalimu, mwanangu atapanda lini?" Swali nalielewa. Hela zinatoka, mtoto anarefuka, na pale piti, kwenye vibanda vya mafundi, jirani yenu ana kijana wa rika hilohilo ambaye keshapanda. Lakini mimi ningependa kwanza niulizwe lingine: hapa alipo, bado hajajua nini? Maana kila daraja katika mchezo huu lina somo lake, na huko mbele hakuna anayekaa kulifundisha upya. Atakayelikwepa atadaiwa akiwa juu ya pikipiki yenye nguvu maradufu, na deni lenyewe hulipwa kwa mifupa.

Tuanzie chini. Wengi waliotamba duniani walianzia kwenye vipikipiki vidogo vya mbio, vile ambavyo magoti ya mtoto yanakaribia kugusana na viwiko. Valentino Rossi alitokea kwenye minimoto za Italia. Tangu 2021 Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, lina mfululizo wa MiniGP kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, wote wakipanda pikipiki ya aina moja, Ohvale ya cc 160. Wanashindana kwanza nchi kwa nchi, kisha waliong'ara wanakutanishwa kwenye fainali ya dunia.

Mkienda kuwatazama, msihangaike na nani yuko mbele. Simameni kwenye kona iliyo mwisho wa sehemu iliyonyooka, mwangalie vidole vya mkono wa kulia. Mtoto anakuja kasi, anafunga mafuta, vidole viwili vinashika breki ya mbele. Shokapu za mbele zinadidimia, uzito unahamia kwenye tairi la mbele, na tairi likikandamizwa hivyo ndipo linapoikamata lami. Sasa anaanza kulala. Aliyefundishwa huachia breki kidogo kidogo kadiri anavyozidi kulala; shokapu zinabaki chini na pikipiki inakata kona bila kulazimishwa. Asiyefundishwa huachia kwa mkupuo: mbele kunanyanyuka, tairi linakosa mkandamizo, pikipiki inatanuka kuelekea ukingo wa nje, na baba mtu pale uzioni anawageukia mafundi kusema injini haina nguvu. Injini haihusiki hata chembe. Ni vidole viwili. Siku akifika MotoGP, daraja la juu kabisa duniani, akiwa na breki za kaboni na kasi inayopita kilomita 300 kwa saa, atakachokifanya kwenye kona ni hichohicho, ila hapo hakuna mtu mwenye muda wa kumfundisha.

Macho nayo ni hivyohivyo. Mtoto anayetazama tairi lake la mbele hatajua kona inaishia wapi. Hilo hurekebishika akiwa na miaka tisa kwa alasiri chache. Akiwa na miaka kumi na saba ni kazi ya mwaka.

Na ushindi katika umri huo, jamani, tuusherehekee lakini tusiuamini sana. Mtoto mwenye kilo 30 atamwacha wa kilo 45 kwenye sehemu iliyonyooka hata kama anaendesha vibaya. Baada ya miaka mitatu wote wawili watakuwa na uzito mmoja, na yule aliyezoea kufukuza ndiye atakayekuwa na mbinu.

Ngazi inayofuata ni ya mashindano ya vipaji. Asia Talent Cup ilianza 2014, ya Ulaya ikafuata 2017, ya Uingereza 2018, zote zikiwa na Honda NSF250R, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya mbio tu. Kisha ipo Red Bull Rookies Cup, tangu 2007, yenye pikipiki za KTM zinazofanana, ambako aliyechaguliwa hawekewi bili mezani: pikipiki na mafundi vinatoka kwa waandaaji. Ipo pia JuniorGP, ile iliyokuwa ikiitwa CEV, ambayo ni ya timu na kila timu na mfuko wake. Napenda haya mashindano ya pikipiki za aina moja kwa sababu yanamnyima kijana kisingizio. Wenzake ishirini na kitu wana injini kama yake. Kama yuko nusu sekunde nyuma, hiyo nusu sekunde ni yake mwenyewe.

Bingwa wa kwanza wa Rookies, mwaka 2007, ni Mfaransa Johann Zarco. Mnajua alishinda mbio yake ya kwanza ya MotoGP lini? Oktoba 2023, Phillip Island, Australia. Hapo katikati kuna mataji mawili ya Moto2, daraja lililo chini tu ya MotoGP, 2015 na 2016, na kuna mkataba wa timu ya kiwanda uliovunjika katikati ya msimu wa 2019, wengi wakadhani ndiyo mwisho wake. Miaka 16! Na huyo ni mmoja wa waliofanikiwa. Wapo mabingwa wa kombe hilohilo ambao hawakuigusa MotoGP.

Sasa tufike Moto3, mahali ambapo watu huanza kukujua kwa jina. Daraja hili, la tatu kutoka juu, lilichukua nafasi ya lile la cc 125 mwaka 2012: silinda moja, cc 250, nguvu za farasi zinazokaribia 60. Si nyingi, na ndiyo maana mbio zake ni za kundi. Pikipiki ndogo ikijificha nyuma ya mwenzake, wa mbele ndiye anayepasua upepo, wa nyuma anapata kasi ya bure. Mugello, nchini Italia, ina sehemu iliyonyooka inayozidi kilomita moja, na aliyetoka wa kwanza kwenye kona ya mwisho anaweza kuvuka mstari akiwa wa tano. Kwa hiyo somo la Moto3 si kwenda kasi peke yake. Ni kujua uwe wa ngapi na wakati gani, uingie kona na nani pembeni, uchague lini kutulia katikati ya watoto kumi na tano ambao hakuna hata mmoja aliyetulia.

Pia unajifunza hesabu. Mshindi anapata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, inashuka hivyo mpaka wa 15 mwenye moja. Mwaka 1999 Mhispania Emilio Alzamora alitwaa ubingwa wa dunia wa 125 bila kushinda mbio hata moja msimu mzima. Aliyemfuata alishinda kadhaa. Vijana wakisikia hilo hucheka. Wazazi wao huandika.

Lakini Moto3 ina ugonjwa wake. Kwa kuwa kila mtu anataka kuvutwa na mwenzake ili apate muda mzuri, kwenye majaribio utawaona wanatambaa njiani, shingo zimegeuka nyuma, wakisubiri wa kumfuata. Waamuzi wanawaadhibu na bado wanarudia. Mnaikumbuka Doha ya 2021, Pedro Acosta alipoanzia piti, nyuma ya wenzake waliopangwa kwenye mstari, na kushinda, akiwa na miaka 16, mbio yake ya pili tu ya Grand Prix, yaani za ubingwa wa dunia? Video hiyo kila mtoto hapa anayo kwenye simu. Naomba mnapowaonesha muwaambie na kwa nini alianzia piti: yeye na wenzake kadhaa waliadhibiwa kwa kutambaa huko njiani. Aliokolewa na kipaji ambacho wengi wetu hatuna.

Na kipaji chenyewe hakisomeki mapema kama tunavyodhani. Francesco Bagnaia alimaliza msimu wake wa kwanza wa Moto3, 2013, bila pointi hata moja. Sifuri. Mwaka 2018 akawa bingwa wa Moto2, na 2022 bingwa wa MotoGP baada ya kuwa nyuma kwa pointi 91. Upande wa pili yuko Can Öncü wa Uturuki. Novemba 2018 aliingia mbio yake ya kwanza ya Moto3 pale Valencia, kwenye mvua, akashinda akiwa na miaka 15, mdogo kuliko mshindi yeyote wa Grand Prix kabla yake. Msimu uliofuata alipewa kiti cha kudumu na alihangaika kweli. Mwaka mmoja baadaye akahamia Supersport, mbio za pikipiki zinazotokana na za barabarani, na huko amejenga jina lake taratibu. Sisemi alifeli. Nasema mbio moja ya mvua haikutosha kusema lolote kuhusu msimu mzima wa jua.

Angalieni pia jinsi Rossi alivyopanda. Aliingia 125 mwaka 1996, akawa bingwa 1997. Aliingia 250 mwaka 1998, bingwa 1999. Aliingia 500, daraja la juu la wakati huo, mwaka 2000, bingwa 2001. Kila daraja mwaka wa kwanza anasoma, wa pili anavuna. Huyo ndiye mtu ambaye wazazi wengi humtaja wakitaka mtoto wao arushwe madaraja mawili kwa mkupuo!

Nije kwenye Moto2, daraja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalodharauliwa kuliko yote na ndilo linaloamua hatima za wengi. Tangu 2019 wote wanatumia injini moja ya Triumph, silinda tatu, cc 765, nguvu za farasi kama 140. Zinapita kilomita 300 kwa saa. Hazina ule mfumo wa kielektroniki unaozuia tairi la nyuma lisiteleze. Mkono wa kulia ndio mfumo. Hapa yale mazoea ya Moto3 yanageuka mzigo. Kule uliingia kona kwa kasi kubwa ukijua pikipiki ni nyepesi. Huku ukifanya hivyo unachelewa kuisimamisha, na asiyesimamisha pikipiki mapema hawezi kufungua mafuta mapema. Kule tairi lilikaa mpaka mwisho. Huku ukilichezea mizunguko mitano ya mwanzo, kumi ya mwisho utaimaliza ukiwaangalia wenzako wakikupita mmoja mmoja. Ni daraja la kujifunza kulea tairi, na halijifunzwi wiki mbili.

Mfano mzuri ni wa ndugu wawili wa Afrika Kusini, Brad na Darryn Binder. Brad alikuwa bingwa wa Moto3 mwaka 2016. Msimu huohuo kule Jerez alisukumwa mwisho wa mstari wa kuanzia kwa kosa la programu ya injini, akawapita wote, akapata ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix. Kisha akakaa Moto2 misimu mitatu, wa mwisho akimaliza wa pili. Alipoingia MotoGP 2020, mbio yake ya tatu tu, pale Brno, alishinda: ushindi wa kwanza wa KTM kwenye daraja hilo, na wa kwanza wa Mwafrika Kusini. Mdogo wake Darryn alitolewa Moto3 na kuwekwa MotoGP moja kwa moja, 2022. Alipambana, siku ya mvua Indonesia akamaliza wa kumi, lakini mwaka uliofuata akarudi chini, Moto2, kusoma kile ambacho kaka yake alikisoma kabla. Damu moja hiyo, malezi mamoja. Na sidhani kama kuna kijana hapa ambaye angekataa ofa aliyopewa Darryn. Mimi nisingekataa.

Jack Miller naye aliruka vivyo hivyo, 2015, baada ya kuukosa ubingwa wa Moto3 kwa pointi mbili nyuma ya Álex Márquez. Mwaka 2016 alishinda Assen kwenye mvua, watu wakasema mnaona, Moto2 haina kazi. Ushindi wake wa kwanza pakiwa pakavu ulikuja 2021. Álex yeye alikaa Moto2 misimu mitano mizima, akachekwa kwamba anabebwa na jina la kaka yake, akachukua ubingwa 2019. Mwaka 2025 alishinda mbio za MotoGP na kumaliza msimu akiwa wa pili duniani, nyuma ya kaka yake Marc. Ndiyo, wapo wanaotoboa haraka: Marc mwenyewe aliingia MotoGP 2013 na kuwa bingwa mwaka huohuo. Lakini hata yeye hakuruka ngazi. Alipitia 125 na Moto2, na kote alitoka na taji.

Juu kabisa sitakaa sana, maana watakaofika humu ni wachache na watakuwa na walimu bora kuliko mimi. MotoGP za leo ni cc 1000, zaidi ya nguvu za farasi 270. Brad Binder aliwahi kupimwa kilomita 366.1 kwa saa Mugello mwaka 2023. Kuanzia 2027 injini zinashushwa hadi cc 850, kwa hiyo kijana aliye Moto3 leo anajiandaa kwa pikipiki ambayo waliopo juu wenyewe ndio kwanza wataizoea.

Sasa niseme jambo zito. Mwaka 2021 mchezo wetu ulizika vijana watatu. Mwezi Mei Jason Dupasquier, miaka 19, Mugello, Moto3. Julai Hugo Millán, miaka 14, Aragón, kwenye kombe la vipaji la Ulaya. Septemba Dean Berta Viñales, miaka 15, Jerez, Supersport 300. Kundi kubwa, pikipiki zinazolingana, mmoja anaanguka na wa nyuma hana pa kwenda. Baada ya hapo umri ulipandishwa: tangu 2023 kuingia Grand Prix kunahitaji miaka 18, isipokuwa wachache waliofanya vizuri sana ngazi ya chini wanaoruhusiwa wakiwa na 17, na madaraja ya chini nayo yakawekewa umri wake. Nimesikia wazazi wakilalamika kwamba sheria hiyo inawachelewesha watoto wao, wakitaja Fabio Quartararo aliyefunguliwa mlango akiwa na miaka 15 mwaka 2015. Quartararo huyohuyo alisubiri mpaka 2018 kushinda Grand Prix yake ya kwanza, na mpaka 2021 kuwa bingwa. Alichokipata kwa kuanza mapema ni presha ya kuitwa Márquez mpya kabla ndevu hazijaota. Mimi sheria naiunga mkono bila kigugumizi.

Kuna vijana ambao mwili utawakatalia njia hii. Moto3 inapima dereva na pikipiki pamoja, kiwango cha chini kilo 152, na mtoto mrefu mwenye mifupa mikubwa atavuka hapo bila kula. Msimfungishe njaa. Nawaambia kama mtu aliyewaona wakizimia kwenye joto: msimfungishe njaa. Mpelekeni kwenye pikipiki zinazotokana na za barabarani. Danilo Petrucci hakupitia madaraja madogo ya Grand Prix. Alitokea Superstock, na 2019 akashinda Mugello mbele ya Waitaliano wenzake. Toprak Razgatlıoğlu amekuwa bingwa wa dunia wa Superbike mara tatu kabla ya kuingia MotoGP 2026. Na wenye mabinti mlikalie sawa jina la Ana Carrasco: mwaka 2018 alitwaa ubingwa wa Supersport 300 akiwashinda wavulana, kwa tofauti ya pointi moja, mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mbio za lami za pikipiki za mtu mmoja. Mwaka 2020 alivunjika mgongo mazoezini, 2021 akarudi na kushinda Misano. Tangu 2024 kuna na mashindano ya dunia ya wanawake, na bingwa wake wa kwanza ni yeye.

Namalizia na pesa. Katika madaraja ya kati viti vingi huenda kwa dereva anayekuja na wadhamini wake. Si siri, wala si aibu, ila ndiyo mlango ambao matapeli hupitia. Atakuja mtu na fulana ya timu, atasema mtoto wenu ana kipaji cha ajabu, kiti kipo, kinatakiwa kulipiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Muulizeni mambo manne, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Pikipiki ikianguka nani analipa vipuri? Fundi mkuu ni nani, na je, atakuwepo msimu mzima au mbio mbili za mwanzo? Siku za majaribio ni ngapi, kwenye njia zipi? Na mtoto akivunjika mkono katikati ya msimu, kiti chake kinakaa au kinauzwa kwa mwingine?

Asiyekuwa na jibu la hilo la nne, msisaini siku hiyo hata akiwa na haraka namna gani. Nakala za maswali zipo mezani karibu na mlango, chukueni. Na sasa nisikilize yenu. Mama wa safu ya pili amenyoosha mkono tangu nilipotaja pesa. Karibu, mama.